Someni, Chai Isipoe

Shabani alikuja kwenye matanga ya mama siku ya tatu, saa nne asubuhi, kavaa kanzu nyeupe na miwani nyeusi, na vijana waliokuwa wanapasua kuni nyuma ya nyumba yetu ya Ujiji wakatupa mashoka chini wakachomoa simu. "Mama Someni! Mama Someni kaja!" Msibani hapo, jamani. Wanawake waliojifunga khanga viunoni, macho yamevimba kwa kilio, wakaanza kuziba midomo kwa viganja. Kwa asiyemjua, Shabani ndiye lile jibaba la kwenye simu na runinga linalovaa kitenge, likajaza mito makalioni, likashika birika, likaingia kwenye nyumba za watu na kusema kwa lafudhi yetu ya Kigoma, "Someni, someni, chai isipoe!" Nchi nzima hoi. Watoto wa Dar es Salaam ambao hawajawahi hata kuonja mgebuka, samaki wa ziwa letu, wanaambiana "someni" wakigonganisha chupa za soda. Akaketi mkekani karibu yangu, akanipa pole ya kweli kabisa, sikatai, na machozi yalimtoka. Halafu akaniinamia sikioni. "Yusta, mama alisema nini juu yangu? Kabla hajaondoka, hakusema chochote?" Nikamwambia anywe chai kwanza.

Nikiri mapema: mimi ni mpenzi wa vichekesho na katuni, na sijapona. Nina miaka arobaini na minane, nina wajukuu wawili, na kila jioni tunagombania rimoti, wao wanataka mpira, mimi nataka katuni. Maoni yangu ninayo, na asiyeyapenda aangalie taarifa ya habari. Vile vichekesho vya Wazungu vyenye vicheko vya kubandika siviwezi. Mtu kafungua mlango tu, watu mia wasioonekana wanaangua kicheko. Kasema nini? Nani kakwambia nicheke? Vya kwetu navipenda zaidi, hasa vya nyumba moja, wapangaji wanne, choo kimoja, hapo huhitaji hata mwandishi. Ila vinaniudhi pale kila mjinga, kila mlinzi, kila hausigeli anapopewa lafudhi ya bara. Kwani huko Dar, Upanga, hakuna wajinga? Na katuni za siku hizi zimezidi adabu, kila mnyama anafundisha kunawa mikono. Mimi nataka zile za zamani, mnyama anaangukiwa na kabati, anakuwa bapa kama chapati, anajikung'uta, anaendelea na safari yake. Kwenye katuni aliyeanguka anainuka. Kwenye vichekesho vya watu kuna mmoja huwa hainuki, na kamera haimfuati nyumbani kwake. Hayo yote niliyajua nikiwa na miaka kumi na tisa, isipokuwa hilo la mwisho.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yamenirudisha nyumbani, kazi yangu ikawa kumsaidia mama kuanika dagaa asubuhi na kutoroka saa kumi jioni. Nilitorokea banda la video lililokuwa nyuma ya soko. Lilikuwa chumba kirefu cha matofali ya tope, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mchana ugeuke giza, mabenchi ya mbao zilizobanduliwa kwenye mitumbwi iliyokufa, na mbele runinga ndani ya kabati lenye kufuli. Jenereta lilinguruma nje, moshi wake ukaingia ndani ukachanganyika na harufu ya mawese kwenye nguo za watu. Shoo ya saa kumi ilikuwa ya katuni na vichekesho, ya akina mama na watoto, na Shabani alikaa pembeni ya kabati na maikrofoni iliyofungwa leso, akitutafsiria. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwembamba kama ufito. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa na madaha ambayo sisi hatukuwa nayo. Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji, na nililigundua hilo siku ya kwanza. Kulikuwa na katuni ya Mama Bata mwenye aproni na watoto saba, kila siku anakaribisha mgeni mbaya nyumbani bila kujua. Mama Bata akasema kwa Kiingereza kwamba amechoka, basi. Shabani akasema, "Nimetoka Katonga kununua dagaa, nikauziwa nusu mchanga, na aliyeniuzia ni mjomba wangu!" Banda likapasuka. Nilimpenda hapohapo, niseme ukweli, kwa sababu nilikuwa sijawahi kukutana na mwongo mtamu kiasi kile.

Shoo ilipoisha nikamfuata nyuma ya banda. "Kaka Shabani, bata hakusema vile." Akanitazama juu hadi chini. "Alisema nini?" "Kasema amechoka." "Sasa hicho kitamchekesha nani hapa Ujiji?" Hiyo ndiyo ikawa shule yetu. Kila jioni tulikaa kwenye madumu matupu ya mafuta ya jenereta, tunakula mihogo ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga, tunapima vichekesho kama wanawake wanavyopima kitenge, tunavuta huku na huku tuone kama kitachanika. Yeye alisema kichekesho kizuri kinaanza na mtu anayejiona. Mimi nilisema kinaanza na mtu anayejitahidi sana kufanya vizuri. Tulibishana wiki nzima, na mwisho akakubali kwamba mimi ndiye mwenye haki, na leo najuta kushinda ubishi ule. "Niletee vya nyumbani, Yusta," alikuwa akiniambia. "Watu hawaji kumcheka Mzungu, wanakuja kujicheka." Nikampelekea. Nikampelekea jirani anayewasalimia mbuzi wake kabla ya mumewe, nikampelekea mwalimu wa kwaya anayepiga chafya kila akikaribia kumkemea mtu. Kesho yake nawasikia wote wanatoka mdomoni mwa bata, na moyo unanidunda kwa kiburi. Sikuona ubaya wowote, maana hao walikuwa mama na baba za watu wengine.

Posa ya dada yangu Anastazia ililetwa Jumamosi moja. Mchumba alikuwa mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, na washenga walikuwa wazee wawili wa kwao waliosafiri na treni hadi miguu ikavimba, wakiongozwa na Mzee Mhina, mtu wa Kiswahili kilichonyooka mpaka kinakutisha. Mama hakulala. Yeye alitoka Kagunga, kule mpakani na Burundi, Kiswahili alikipata ukubwani, sokoni. Alitandika vitambaa alivyofuma kwenye kila kiti, akatoa vikombe vya maua ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuvipangusa, akapika maandazi na chai ya maziwa yenye tangawizi. Kwa desturi, barua ya posa huachwa. Mshenga anaiweka mezani, anakunywa chai, anaaga. Wenye binti wanaifungua baadaye wenyewe kwa wenyewe, na jibu linafuata siku nyingine. Kuisoma mbele ya mletaji ni kituko, na mletaji kuisoma mwenyewe ni kituko mara mbili. Basi Mzee Mhina akaiweka barua mezani. Mama akamimina chai, akapiga goti kidogo, akasema kwa ile sauti yake ya wageni, "Karibuni wazee. Someni. Someni, chai isipoe."

Sasa, kwa Kiha, lugha ya kwao mama, kusoma ni kupiga funda. Unasoma chai, unasoma uji, unasoma pombe ukiipata. Mzee Mhina hakulijua hilo. Akamtazama baba mdogo Filbert, aliyekaa pale kama baba wa shughuli, na baba mdogo akatazama dari. Mzee wa watu, na adabu zake za pwani, mwenye nyumba kaamuru. Akavaa miwani, akachana bahasha, akaanza kuwasomea barua yao wenyewe wenye binti. Ilikuwa na kurasa mbili na beti tatu za shairi, na beti akaziimba. Mama kasimama na birika mkononi, anaitikia "ego, ego", ndiyo, ndiyo, kila akituliza pumzi, akidhani watu wa Tanga ndivyo wanavyoomba kabla ya kunywa. Mimi na dada tulikuwa nyuma ya pazia tumeng'atana mabega. Wageni walipoondoka baba mdogo akauliza, "Shemeji, kwa nini umewaamuru wasome?" "Si chai nimewaambia wasome!" Halafu mama mwenyewe ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa sakafuni na birika lake. "Yoo, nimemwimbisha mzee wa watu!" Tukacheka wote mpaka tukashikana. Nimeangalia vichekesho vingi maishani, na sijawahi kucheka vile tena. Alipojifuta macho alisema, "Hili likae humu ndani. Wale ni wakwe."

Lilikaa siku nne. Siku ya tano nilikuwa kwenye madumu na Shabani, kanuna, mihogo hataki. Banda jipya lilikuwa limefunguliwa upande wa pili wa soko, lina runinga kubwa kuliko yetu, na mwenye banda kamwambia watu wakizidi kupungua atafute kazi nyingine. Nilitaka acheke, hilo tu. Nikamsimulia, na nilisimulia vizuri. Sauti ya mama nikaiweka, goti lake nikalipiga, "ego, ego" zake nikaziitikia. Akacheka akashika ukuta. Halafu ghafla macho yakaenda mbali, na mimi niliyemjua nikaingiwa na hofu. "Shabani, hili ni la nyumbani. Si la banda." "Mimi na wewe tena, Yusta?" "Apa." "Haki ya Mungu, nimelifukia." Akanishika mkono, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, na mimi mjinga nikauona huo mkono ndio kiapo chenyewe.

Nyumbani mama alikuwa na kazi yake. Sendofu, sherehe ya kumuaga dada, ilipangwa baada ya Pasaka, na mama ndiye angesema neno la kumkabidhi binti kwa wakwe, kwa sababu baba hakuwepo, na habari za baba sizisemi hapa. Baba mdogo alijitolea kusema yeye. Mama akakataa. "Nimemzaa mimi, nitamtoa mimi, na kwa Kiswahili, wasikie." Tukatunga sentensi tano. Nilimwandikia kwenye karatasi ya daftari, akaibandika ukutani juu ya meko, na kila jioni akigeuza migebuka kwenye mawese tulizirudia mpaka karatasi ikawa na madoa ya mafuta. Nilimsahihisha "kurara" ikawa "kulala", "reo" ikawa "leo", alijitahidi mpaka anatokwa jasho. Sentensi ya tano aliitunga mwenyewe: "Akikosea, mwelekezeni, msimcheke." Alikuwa anaisema hiyo polepole, jicho kwenye kikaango. Akaanza kuipenda sauti yake kwa Kiswahili, nilimwona. Sokoni akawa anawatania wateja, anajibishana na watumishi wa serikali waliokuja kununua dagaa wa kupeleka kwao, na akirudi ananihesabia maneno mapya aliyoyapata. Nilifurahi kama vile ni mimi ninayejifunza.

Ndipo nikafanya kosa la pili, na hili linaniuma kuliko la kwanza. Nilimwalika mama bandani. Nilitaka aone ninachokipenda, na kwa siri nilitaka amwone Shabani. Jumapili, baada ya misa na ugali wa muhogo, akavaa kitenge chake cha maua ya zambarau, akaketi benchi la mbele. Shabani akamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mama yako hajambo?" Katuni ya kwanza ilikuwa ya sungura anayebamizwa na milango. Mama akanipiga begani. "Huyu hafi?" "Hafi mama, ni katuni." "Basi vizuri," akasema, na akaanza kucheka kweli, kwa sauti, mkono mdomoni. Ya pili ilikuwa ya Mama Bata. Siku hiyo watu walikuwa wachache na wazito, mwenye banda kasimama mlangoni kakunja mikono. Mama Bata anamimina chai, na mgeni wake, mbweha, ameshika gazeti. Nikaona kinachokuja kabla hakijaja. Nikamtazama Shabani, nikatikisa kichwa. Na yeye akanitazama, macho kwa macho. Halafu akapeleka maikrofoni mdomoni, ikatoka sauti ya mama yangu, ileile niliyompa mimi kwenye madumu. "Karibuni wazee. Someni. Someni, chai isipoe!"

Banda lilianguka. Mbweha akafungua gazeti, Shabani akamwimbia beti kwa lafudhi ya Tanga, Mama Bata akaitikia "ego, ego", watu wakapiga mabenchi, watoto wakagaragara. Fununu za wazee wa Tanga walioimbishwa barua zilikuwa zimeshavuja kidogo, maana Ujiji hakuna siri ya wakwe, na sasa wakaunganisha. Wakageuka mmoja mmoja kumtazama mama. Na mimi, Mungu anisamehe, nusu ya kicheko ilikuwa imeshanitoka kabla sijaiziba, kwa sababu lilikuwa limefanywa vizuri. Mama bado alikuwa na tabasamu la yule sungura. Lilimkaa usoni kidogo, halijui liende wapi. Hakumtazama Shabani, hakutazama runinga. Alinitazama mimi. Nyuma ya pazia tulikuwa wawili tu, na dada hakuwa mtu wa maneno. Akainuka, akajifunga kitenge upya, akatoka kwenye lile giza kuingia jua la saa kumi na moja.

Nilimvaa Shabani nyuma ya banda. "Ulimwona mama yangu amekaa pale?" "Nilimwona." "Na ukasema?" "Yusta, nilipomwona ndipo likanijia. Watu walikuwa hawacheki." "Uliapa! Ulisema umelifukia!" Akanyanyua mabega. "Limejifukua." Na akatabasamu, akingoja nicheke. Nilimtukana matusi ambayo mtoto wa kwaya hapaswi kuyajua, na nilipoishiwa nikalia mbele yake, jambo ambalo najutia zaidi ya matusi. Kesho yake banda lilijaa hadi madirishani. Wiki haijaisha, "someni" iko sokoni, iko kisimani, iko Katonga kwenye mitumbwi, watoto wa shule wanampita mama wanapiga goti, "Someni, mama!" Mama alibandua ile karatasi juu ya meko akawashia moto. Tangu jioni hiyo Kiswahili kiliisha nyumbani kwetu. Wateja aliwaonyesha bei kwa vidole, na sisi alituongelesha Kiha kitupu. Nilimpigia magoti jikoni. "Mama, nisamehe. Sikujua kama angesema." Akanijibu kwa Kiha, bila kugeuka, kwamba maneno hayo hajayasikia.

Sendofu ikafika. Ukumbi ulikuwa wa parokia, wakwe wa Tanga meza ya mbele wananukia udi, Mzee Mhina katikati yao. Shabani naye alikuwepo, maana spika zilikodishwa kutoka bandani na yeye ndiye fundi wake. Hakuna aliyejua kama mama angesimama. Dada alikuwa anang'ata kona ya shela. Alipoitwa, mama akasimama, akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akasema kwa Kiha, "Mimi Kiswahili sikijui. Walionisikia bandani wanalijua hilo." Upande wetu, wote wanaojua Kiha, vijiko vikasimama hewani. Wakwe wakatabasamu wakingoja. Mshereheshaji, mtu wa kuja, akauliza, "Nani atatutafsiria wageni?" Mama akaninyooshea kidole. "Huyu," akasema kwa Kiha. "Maneno yangu huwa anayapeleka yeye."

Nikapewa maikrofoni ya pili. Wakwe walikuwa wananiangalia kwa upendo kabisa. Nikafungua mdomo, ikatoka sentensi ya kwanza ya ile karatasi. "Mama anasema, wakwe zetu, mmetoka mbali, hapa Ujiji ni kwenu." Mama akaendelea kwa Kiha. "Nilimpa mtoto wa tumbo langu kikombe anishikie. Akaenda kukimwaga sokoni." Nikasema, "Mama anasema, huyu binti nimemlea kwa dagaa na kwa jasho, namtoa kwa moyo mweupe." Upande mmoja wa ukumbi ulikuwa unasikia hotuba moja, upande wa pili unasikia nyingine, na mimi katikati natokwa jasho. Mama akasema, "Mimi nimemaliza. Aseme anachotaka, ndiyo kazi yake." Na mimi nikasema, kwa Kiswahili kisicho na doa, "Mama anasema, akikosea, mwelekezeni, msimcheke." Mzee Mhina akavua miwani akajifuta macho. Wanawake wa Tanga wakapiga vigelegele. Upande wetu wakatazama sahani zao. Mama alikuwa amesimama anasikiliza sentensi zake alizozitolea jasho jikoni zikitoka mdomoni mwangu, na alizijua moja moja. Nikainua macho kumkwepa, nikakutana na Shabani kule nyuma kwenye spika zake. Aliinua kidole gumba juu, fundi anampongeza fundi.

Mwaka uliofuata Shabani alipanda treni kwenda Dar es Salaam na "someni" yangu mfukoni, na mengine mmeyaona wenyewe. Mama alirudi kwenye Kiswahili, taratibu. Sokoni kwanza, halafu na mkwewe, halafu na wajukuu, ambao hawajui Kiha zaidi ya salamu ya "mwakeye". Kwangu mimi hakurudi. Nikipiga simu alikuwa anazungumza Kiswahili na mume wangu, anacheka, anauliza habari za mvua. Simu ikija kwangu, Kiha. Hakuninyima kitu kingine. Aliwaogesha wanangu, alinipikia migebuka nikija, alinishika mkono nilipozika mtoto. Lakini zile jioni za jikoni, mimi na yeye tukikamatana maneno na kutaniana, zilikwisha na karatasi ile. Kuna wakati nilimkasirikia. Miaka ishirini na tisa, kwa kikombe cha chai! Kisha Mama Someni anatokea kwenye runinga, mito makalioni, ukumbi mzima unapiga makofi, nabadilisha chaneli.

Shabani alimaliza chai yake pale mkekani. "Haya, niambie, Yusta. Alisemaje?" Nikamwambia ukweli. "Hakuwahi kukutaja. Hata jina." "Hata siku moja?" "Hata siku moja. Wewe kwake ulikuwa runinga tu, Shabani. Aliyewasha ni mimi." Akavua miwani. Macho yake yalikuwa yamezeeka, na kwa dakika moja nikamwona yule kijana wa madumu, nikakaribia kumhurumia. Kijana mmoja akaita kutoka kwenye kuni, "Mama Someni, tupe kimoja tu!" Akavaa miwani, akaaga. Jioni ile mjukuu wangu akanionyesha simu: Shabani amekaa kwenye mkeka wa mama, ameshika kikombe chetu, analia, anasema amempoteza mama aliyempa kicheko. Sikumwona aliyekuwa anamrekodi. Chini watu wameandika "someni" na vikaragosi vya kucheka, mamia kwa mamia. Kwa mara ya pili alikuwa amemchukua mama, safari hii nyumbani kwetu, mbele ya macho yangu.

Ambalo sikumwambia Shabani ni hili. Wiki ya mwisho ya mama, wodini, kulikuwa na runinga ukutani, na mchana mmoja wakaweka vichekesho. Mama alikuwa haoni tena, mtoto wa jicho alishafunika yote mawili, alikuwa anasikia tu. Ikaja sauti ya Mama Someni, wodi nzima ikacheka, wauguzi wanacheka, mwanamke wa kitanda cha pili anacheka ameshika mshono wake. Mama akageuza uso upande wangu, akauliza kwa Kiha, "Wanacheka nini?" Nilikuwa nimeshika kikombe chake cha chai. Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni: ni katuni, mama, ni sungura kabamizwa na mlango. Niliweka kikombe kwenye kabati, nikamjibu kwa Kiswahili. "Wanakucheka wewe, mama. Ni ile chai ya wakwe. Niliitoa mimi nyumbani, nikampa Shabani, na siku ile bandani na mimi nilicheka."

Kicheko cha wodi kikaisha, matangazo yakaanza. Nilidhani kalala. Halafu akasema, kwa Kiswahili, kwangu mimi, "Reo umetafsiri vizuri." Akanyoosha mkono hewani akitafuta kikombe. "Rete hiyo chai nisome," akasema, na sikumsahihisha.